Mzigo Namba 118

Shangazi yangu anatunza mizigo ya watu pale Kihesa, Iringa. Ukimuuliza kazi yake atakwambia ana stoo, basi. Maneno "huduma za uhifadhi" niliyaleta mimi kutoka chuoni, naye aliyapokea kama anavyopokea zawadi ya glasi: aliyaweka kabatini akaendelea kunywea kikombe chake cha bati.

Jengo lenyewe zamani lilikuwa la kukamulia alizeti. Mashine ziliondolewa, harufu ikabaki. Kila mwaka vyuo vinapofunga, mwezi wa saba na wa nane, wanafunzi hupanga foleni mlangoni wakiwa na mabegi ya shangazi kaja, magodoro yaliyofungwa kamba, ndoo zilizojaa sufuria, sabufa, feni na pasi. Wanakwenda kwao Kigoma, Mara, Lindi, na hakuna anayetaka kulipia godoro nauli. Chumba nacho hakikai bure miezi mitatu. Ukikiacha, mwenye nyumba anataka kodi yake. Kwa hiyo vitu hubaki kwa Shangazi. Begi moja na ndoo yake ni mzigo mmoja, shilingi 3,000 kwa mwezi. Godoro ni 4,000. Mtu hutanguliza malipo ya mwezi mmoja hadi mitatu, na kinachozidi hukilipa siku ya kuchukua, mara nyingi bumu likishatoka.

Mimi nasoma shahada ya uzamili Mbeya, mambo ya mifumo ya taarifa. Ulipofika wakati wa kuchagua mradi, msimamizi wangu alisema nitafute tatizo nililoliona kwa macho yangu, siyo la kwenye vitabu. Sikuhitaji kwenda mbali. Nilikuwa nimetumia likizo nzima tatu nikiwa nimeinama kwenye ile stoo, nikitafuta begi la mtu aliyekuwa amesimama mlangoni akiangalia saa kwa sababu basi linamwacha.

Nilisoma kwamba biashara ya namna hii kwa sura yake ya leo ilianza Marekani, katika jimbo la Texas, miaka ya 1960: vyumba vidogo vilivyopangwa kwa safu, kila mpangaji na kufuli lake. Siku hizi huko mteja hufungua geti kwa simu. Asipolipa, namba yake ya siri hugoma. Akiendelea kutolipa, muda wa kisheria ukiisha vitu vyake hupigwa mnada. Nilisoma hayo nikiwa maktaba, Mbeya, nikamfikiria Shangazi na mlango wake mmoja, kufuli lake moja, na daftari lake la kaunta lenye jalada lililoungwa kwa salotepu.

Matatizo yake niliyajua kwa majina. La kwanza lilikuwa lebo. Shangazi aliandika namba kwa maka peni kwenye karatasi na kuibandika, lakini panya wa Kihesa hupenda gundi kuliko mahindi, na kufikia Oktoba nusu ya mizigo haikuwa na namba. La pili lilikuwa unyevu. Mvua zikianza Novemba ukuta wa nyuma hutoa jasho, na magodoro yaliyoegemea huko huota ukungu. La tatu lilikuwa ugomvi: mtu anachukua televisheni, anakuta ufa, anasema haukuwepo. Shangazi anasema ulikuwepo. Hakuna shahidi. La nne lilikuwa vitu visivyotakiwa. Watu walificha mitungi ya gesi ndani ya ndoo za nguo, na Shangazi alikuwa na sababu ya kuogopa moto kuliko watu wengine.

Kabla ya Iringa alikuwa Mbeya, akiuza mitumba Mwanjelwa. Soko la Mwanjelwa lilipoungua mwaka 2006, meza yake iliungua pamoja na marobota mawili ambayo hayakuwa yake. Mwanamke mwenzake alikuwa amemwachia amtunzie kwa siku mbili tu. Hakukuwa na karatasi, hakukuwa na shahidi, na yule mwenzake mwenyewe alimwambia asihangaike, moto ni moto. Shangazi aliyalipa yale marobota kidogo kidogo kwa miaka miwili. Hadithi hii hakunisimulia yeye, alinisimulia baba, kwa sauti ya mtu ambaye hajaamua kama dada yake alifanya busara au ujinga.

Mfumo niliotengeneza haukuwa wa ajabu. Niligawa stoo kwa safu na chaga, kila sehemu ikapata herufi na namba, hivyo mzigo 118 ukawa na anwani yake: D-3. Lebo nilizichapisha stationari zikiwa na msimbo wa QR, nikazitia nailoni, nikazifunga kwa waya badala ya gundi. Panya wakashindwa. Wakati wa kupokea, binamu yangu alipiga picha tatu za kila mzigo mbele ya mwenyewe, na picha hizo zikamaliza ugomvi wa televisheni kuliko jambo lolote jingine nililofanya. Nilinunua vipima unyevu vitatu vidogo. Cha ukuta wa nyuma kilinionyesha kile ambacho Shangazi alikuwa anakijua kwa pua, lakini sasa tulikuwa na namba. Tukainua chaga, tukasogeza kila kitu mbali na ukuta, tukafungua matundu mawili ya hewa juu. Malipo yalipita kwenye simu na yakajiandika yenyewe. Umeme ukikatika, mfumo ulikaa kwenye simu mpaka mtandao urudi, na daftari la Shangazi likabaki pembeni kwa sababu alikataa kabisa liondolewe.

"Simu ikifa, daftari litafufuka?" alisema. Nilidhani amekosea kusema. Hakukosea.

Hata suala la taarifa za watu nililiandikia sura. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilipitishwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na mimi nilikuwa nakusanya majina, namba za simu na picha za vitu vya watu. Niliandika kurasa sita kuhusu nani aone nini. Nilijiona mwangalifu.

Tatizo la tano ndilo lililobaki: mizigo isiyo na wenyewe. Ilikuwa 47. Ilijaza safu nzima ya D na kumwagikia E. Wengine walimaliza chuo wakaona godoro la zamani halina thamani ya safari. Wengine waliacha masomo. Wakati huohuo, Julai ile Shangazi alirudisha wanafunzi mlangoni kwa sababu nafasi ilikwisha, na bati la upande wa mashariki lilikuwa linavuja, na fedha za bati zilikuwa zimelala kwenye safu ya D chini ya vumbi.

Kila nikisafiri kati ya Mbeya na Iringa, zaidi ya kilomita 300, basi hupita Makambako, ambako Wakala wa Taifa wa Hifadhi ya Chakula una maghala. Msimu wa ununuzi malori ya mahindi hupanga mstari pale. Nilikuwa napenda kuyaangalia kwa sababu mahindi yanajieleza. Ukiyapima unyevu na hayazidi asilimia 13.5, yanapokelewa. Kuna hata Sheria ya Stakabadhi za Ghala ya mwaka 2005: mkulima anaweka mazao kwenye ghala lenye leseni, anapewa stakabadhi, na stakabadhi hiyo anaweza kuiuza au kuombea mkopo benki. Siku ya kutoa, hakuna anayedai punje zilezile alizoleta. Anadai uzito uleule na daraja lilelile. Nilitaka stoo ya Shangazi iwe hivyo. Mzigo uwe namba, namba iwe fedha, na fedha isipolipwa, namba ifutwe.

Basi niliandika meseji tatu za kujituma zenyewe. Ya kwanza ilikumbusha: mzigo wako bado uko kwetu. Ya pili ilitaja deni. Ya tatu ilisema mzigo utauzwa ndani ya siku 14. Desemba 2023, nikiwa chumbani kwangu Mbeya, nilibonyeza, na meseji ya tatu ikaenda kwa watu 47. Nikaenda kula.

Niliporudi nilikuta namba moja imenipigia mara nne. Nikaipigia.

"Wewe ni nani?" Ilikuwa sauti ya mwanamke mtu mzima.

"Shikamoo, mama. Napiga kutoka stoo ya mizigo ya Iringa."

"Marahaba. Mmeandika mtauza begi la mwanangu. Begi gani?"

Nikamweleza: mzigo namba 118, begi na ndoo, uliletwa Julai 2022, ukalipiwa miezi mitatu, deni la miezi 14 ni shilingi 42,000.

"Mwanangu hayupo," alisema. "Hayupo tangu mwaka jana."

"Sawa, mama. Akirudi naomba umwambie atupigie."

Akanyamaza. Nilisikia mvua kwake, mvua nzito ya kwenye bati. Kisha akasema, kwa upole ambao sijaweza kuusahau, kana kwamba mimi ndiye niliyefiwa, "Mwanangu, mwenzako alifariki."

Alikuwa mwaka wa pili. Alikwenda likizo kwao Tukuyu, na Agosti 2022 akapata ajali ya pikipiki. Wenzake wa chumbani walidhani vitu vyake vilichukuliwa na ndugu. Ndugu walidhani vitu vyake ni vile alivyorudi navyo. Ile laini ya simu mama aliiacha hewani, akiiwekea vocha ya mia tano mara kwa mara isifungwe, kwa sababu watu walikuwa bado wanampigia kijana wake na alitaka wakimtafuta wampate mtu wa kuwaambia. Meseji zangu mbili za kwanza aliziona. Alidhani ni za wale matapeli wanaosema ile hela tuma kwenye namba hii.

Nilimpigia Shangazi usiku huo. Alisikiliza mpaka mwisho.

"Nani alikwambia uandike 'utauzwa'?"

"Shangazi, tulikubaliana. Nilikusomea."

"Ulinisomea ya kwanza, baba. Ya tatu hukunisomea."

Ilikuwa kweli. Nilikuwa nimemsomea ya kwanza, akasema ni nzuri, nikachukua ruhusa ya moja nikaitumia kwa zote tatu.

Nikamwambia nitampigia yule mama tumpangie siku ya kuja Iringa kuchukua begi, bure. Shangazi akasema mama wa watu hawezi kufuata kilio chake stendi. "Kesho naupakia. Utaupokea hapo Mbeya, utaupeleka mwenyewe. Kwa mikono yako."

Mzigo uliingia stendi ya Nane Nane saa tatu usiku. Nilitoa karatasi, konda akafungua buti, akalitoa begi la shangazi kaja la mistari ya bluu na nyekundu, na ndoo ya lita 20 yenye mfuniko. Lebo yangu ya QR ilikuwa bado imefungwa kwa waya, safi kabisa. Kwenye zipu kulikuwa na kufuli dogo. Nikalala na mzigo ule chumbani, kati ya kitanda na mlango. Nilikuwa nimeujua kwa mwaka mzima kama mstari kwenye jedwali. Usiku ule niliamka mara mbili kuangalia kama upo.

Asubuhi nilipanda gari la Tukuyu. Kutoka Uyole barabara inapanda, ukungu unaingia, halafu unaanza kuteremka kwenye migomba na chai. Kila aliyepanda alinisaidia kusogeza lile begi na kuniuliza kama ndiyo nafunga chuo. Nikawa naitikia ndiyo.

Mama yule alinipokea mlangoni. Alichukua ndoo, akaniachia begi. Tuliketi, nikapewa maji, kisha ndizi na maharage, na hakuna aliyeutaja mzigo mpaka nilipomaliza kula. Nikasema, "Mama, limefungwa. Kwetu hatufungui mzigo wa mtu. Kama huna namna, fundi anaweza kulikata kufuli."

Akafungua fundo la kitenge chake. Kulikuwa na ufunguo mdogo.

"Walinipa hospitali pamoja na simu na pochi," alisema. "Nimeujaribu kwenye kila kitu humu ndani. Sanduku, kabati, mpaka baiskeli ya mdogo wake."

Ufunguo uliingia. Ndani kulikuwa na shuka, sweta, viatu vya ngozi vilivyofungwa kwenye gazeti, hita, madaftari, na mashati manne yaliyokunjwa vizuri. Mama alitoa shati la juu, akaliweka usoni akavuta pumzi. Kisha akalishusha, akalitazama kama mtu aliyefungua begi la mtu mwingine.

"Linanuka alizeti," alisema.

Nilikuwa nimepima unyevu wa ile stoo kila saa kwa miezi minane. Nilikuwa na grafu. Harufu sikuipima kwa sababu sisi tulishaizoea, na kwa sababu sikuwahi kufikiria kwamba kuna mtu angekuja kuchukua kitu ambacho hakikuandikwa kwenye orodha. Sikuwa na la kusema. Nikasema pole. Akajaribu shati la pili, halafu la tatu, halafu akayakunja yote upya taratibu.

Baadaye akaleta pochi yake. "Mlisema elfu arobaini na mbili."

"Hapana, mama. Hiyo imeshafutwa."

"Nani kaifuta?"

Nikatoka nje nikampigia Shangazi, nikiwa na hakika atanipa maneno mazuri ya kukataa. Akasema, "Pokea."

"Shangazi!"

"Pokea, baba. Si yako kuisamehe, wala si yangu kama mwenyewe hataki. Mpe na risiti."

Niliporudi ndani mama alikuwa ameshazipanga noti mezani. "Siku ya matanga mzee alisimama akauliza kama yupo anayemdai marehemu ajitokeze," alisema. "Walijitokeza wawili, tukawalipa. Ninyi hamkuwepo. Sasa mmejitokeza."

Nilipokea. Nilifungua mfumo kwenye simu niingize malipo, kidole kikiwa juu ya kitufe, ndipo nikakumbuka kinachofuata. Mteja akimaliza deni, hupokea meseji papo hapo: Asante kwa kutuamini, karibu tena. Simu ya kijana ilikuwa mezani, mbele ya mama yake, imechomekwa chaji. Nikazima yangu. Nikachana karatasi kutoka kwenye daftari langu nikaandika kwa mkono: Nimepokea shilingi elfu arobaini na mbili, malipo kamili ya kutunza begi moja na ndoo moja, hakuna deni lililobaki. Nikaweka tarehe na sahihi. Aliisoma mara mbili, akaikunja, akaifunga kwenye kitenge mahali pa ule ufunguo. "Ndaga," alisema.

Mradi niliuandika upya. Meseji ya kwanza bado inajituma yenyewe, na inafaa, kwa sababu watu wengi wamesahau tu. Baada ya hapo mfumo haumwandikii mteja tena. Unamwandikia Shangazi: huyu apigiwe. Wakati wa kupokea mzigo sasa tunaandika pia namba ya mtu wa pili, ndugu au mwenzake, na tunamweleza mteja kwa nini tunaiomba. Hakuna kinachouzwa mpaka mtu mwenye sauti yake awe amezungumza na mtu mwenye sauti yake, na sharti hilo limeandikwa kwenye risiti ili kila mmoja alijue kabla hajaacha begi. Kwenye utetezi, mtahini mmoja aliniuliza kama hayo si kurudi nyuma, kwamba nimeondoa otomatiki mahali ambapo ingeokoa muda zaidi. Nikakubali kwamba inachukua muda. Nikamweleza kuhusu mahindi ya Makambako: punje ya mwingine inaweza kulipa punje yangu, ndiyo maana ghala la nafaka linaweza kuendeshwa kwa uzito na daraja. Shati haliwezi. Aliandika kitu kwenye karatasi yake. Sikuuliza ni nini.

Shangazi alipiga simu 46 kwa jioni nyingi, miwani puani, daftari mapajani. Anaanza na kamwene hata kwa Wasukuma. Namba kadhaa zilikuwa za watu wengine sasa. Wengi waliomba radhi na kusema gawa. Wengine walikuja, na mmoja alitoka Singida kwa ajili ya cherehani ya mama yake. Wawili walipokelewa na ndugu waliokuwa na habari kama ile ya Tukuyu, na kwa hao Shangazi alijua la kusema, kwa sababu hakuwa ametuma chochote kabla. Safu ya D haijaisha. Bati la mashariki tuliliziba kwa lami, linavuja kidogo.

Mwezi wa saba uliofuata, kabla vyuo havijafunga, Shangazi aliniita nyumbani. Alikuwa amenunua mifuko ya chokaa na kuazima pampu. Tulitoa kila kitu nje juani, mimi na binamu yangu, tukakwangua kuta zile mpaka mikono ikachubuka, tukasugua sakafu kwa majivu na maji ya moto, tukapaka mara tatu. Jioni Shangazi aliingia peke yake, akasimama katikati ya chumba cheupe, akafumba macho.

"Bado ipo," alisema. "Kesho tena."